Maji Yaliyochoshwa

Eliufoo aliumwa na kifutu saa tatu asubuhi, akiwa kwenye mstari wa nne wa mkonge, na ilipofika saa tano na robo alikuwa amelazwa kwenye benchi la zahanati. Dawa ya sumu ya nyoka ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya friji, na friji hilo halikuwa na umeme tangu Jumamosi. Muuguzi aliitoa chupa, akaiinua mwangani, akaona utando mweupe ukielea ndani yake, akairudisha mahali pake. Wiki mbili baadaye mguu wa kushoto wa Eliufoo ulikatwa juu ya goti.

Haya nilisimuliwa na mama yake, Hedwiga, siku yangu ya kwanza kazini, naye akipiga deki chini ya meza yangu.

"Nyanyua miguu, mwanangu. Wewe ndiye uliyeletwa kwa ajili ya ile dawa isiyotaka friji?"

"Ndiyo, mama. Naitwa Careen."

"Careen wa nani?"

"Wa mwalimu Sifael, wa Myamba."

"Kumbe wa kwetu!" Akaegemea mpini wa deki, akanitazama vizuri. "Basi ifanikiwe. Mimi nafagia hapa kwa sababu hiyo tu. Nyumba ya kufagia ningepata hata Myamba."

Kituo chetu kilikuwa vyumba vitatu vya bati nyuma ya soko la Same. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamili, na ningeweza kubaki Dar es Salaam, lakini niliposikia kuna utafiti kama huu nyumbani, niliomba kazi siku hiyohiyo. Wataalamu wa nje walikuwa wametengeneza protini ndogo zenye uwezo wa kuikamata sumu ya kifutu na kuifunga isiende popote mwilini. Katika nyingi walizojaribu, mbili ndizo zilizofika mbali, ya Nne na ya Saba. Nne ilikuwa imara mradi ikae kwenye baridi. Saba ilidhaniwa kwamba ingeweza kukaa nje ya friji mwaka mzima, hata kwenye droo ya zahanati, hata kwa joto la huku bondeni.

Ilidhaniwa tu. Kazi yetu ilikuwa kupata jibu. Chupa kumi na mbili za unga wa Saba zingekaa rafuni kwetu miezi kumi, kisha tungeziyeyusha kwa maji na kuziacha siku thelathini nyingine kwenye joto lilelile, ndipo ziende Uholanzi kupimwa. Januari kamati ingekaa na kuchagua protini moja ya kuendelea nayo. Unga wa Saba ulikuwa umetengenezwa mara moja tu. Hakukuwa na chupa ya kumi na tatu.

"Wanaipimaje?" Hedwiga aliniuliza siku moja tukinywa chai kwenye kivuli cha ukuta, upepo wa Same ukitupigia vumbi vikombeni. "Ukiangalia kwa macho, si maji tu?"

"Mama, wewe si unaimba kwaya?"

"Sauti ya pili. Miaka thelathini."

"Basi protini nayo ni kwaya. Ina mamia ya chembe za haidrojeni. Ukiiweka ndani ya sumaku kubwa sana ukaipigia mawimbi ya redio, kila chembe inajibu kwa sauti yake, na kompyuta inazisikia moja moja. Shida ni kwamba protini imo ndani ya maji, na maji nayo yana haidrojeni, tena nyingi mara maelfu. Ni kama kwaya inayoimba katikati ya gulio."

"Haisikiki."

"Haisikiki. Kwa hiyo yale maji tunayapigia sauti yao wenyewe, mfululizo, bila kupumzika, mpaka yanachoka na kunyamaza. Sasa, chembe za protini zilizo nje, kwenye ngozi yake, huwa zinabadilishana nafasi na za maji. Moja inatoka, ya maji inaingia. Na ile inayoingia inaingia na uchovu wake. Basi sauti ya mahali pale nayo inafifia. Lakini zilizofunikwa ndani, maji hayazifikii. Zenyewe zinaendelea kuimba."

Hedwiga alikunywa chai yake, akafikiri.

"Kwa hiyo mkishayachosha maji, mnajua nani alikuwa ameacha mlango wazi."

Nilikuwa nimekaa miaka miwili darasani nikifundishwa jambo hilo, na hakuna mtu aliyewahi kulisema vizuri hivyo.

"Hasa, mama. Na protini ikiharibiwa na joto inafunguka. Maji yanaingia mpaka ndani. Kwaya nzima inanyamaza."

"Mungu apishe mbali," alisema, akamwaga masalia ya chai kwenye mchanga.

Miezi ile kumi ilikwenda polepole. Mchana bati lilikuwa likilialia kwa joto, na kipimajoto cha rafuni kilipanda mpaka thelathini na tisa. Eliufoo alikuwa akipiga simu kutoka Myamba kila Jumamosi kumsalimu mama yake, na hakukosa kuuliza, "Mdogo wangu Saba hajambo? Mwambie avumilie jua, sisi wengine tumelivumilia kwa mguu mmoja." Hedwiga alikuwa akicheka, kisha akikata simu anarudi kwenye deki yake. Chupa zenyewe hakuwahi kuzigusa hata siku moja. Alipofuta vumbi rafuni alifuta kuzizunguka, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Mwishoni mwa Oktoba maji ya bomba yalikatika siku kumi na moja. Aliyeishi Same anajua maana yake. Anajua pia kinachotokea siku yanaporudi: kila kazi inasimama, na hakuna chombo kinachoachwa kitupu. Madumu, ndoo, masufuria, mabeseni, birika, hata vikombe vya wageni, vyote vinajazwa, kwa sababu hakuna ajuaye yatatoka tena lini. Mwanamke ambaye jirani atamkuta na ndoo tupu siku ya maji atasemwa mpaka Pasaka.

Yalirudi siku ya Alhamisi. Siku hiyo nilikuwa Lembeni, kwenye zahanati ambako tulikuwa tumefunga kipimajoto cha pili. Ijumaa asubuhi niliingia maabara kuyeyusha Saba. Tulikuwa na chupa kubwa ya kioo yenye koki kwa chini, ya kuwekea maji ya maabara, maji yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji, yasiyo na chumvi wala kitu kingine chochote. Niliiacha ikiwa na robo. Nikaikuta imejaa. Nilidhani Daktari Abdulmajid, mkuu wa kituo, ndiye aliyewasha mtambo wa mvuke nilipokuwa safarini. Sikumuuliza.

Kanuni ilisema maji yapimwe kwa karatasi inayobadilika rangi kwa uchachu au magadi, kabla ya kutumiwa. Nilikuwa nimeyapima kila mara kwa miezi kumi, na kila mara karatasi ilinipa rangi ileile. Asubuhi ile sikuyapima. Sina sababu nyingine ya kutoa. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na haraka ya mtu mwenye furaha.

Nilizifungua chupa zote kumi na mbili nikaziyeyusha kwa kikao kimoja. Hedwiga alisimama mlangoni amekunja mikono kifuani, amevaa kitenge chake cha Jumapili.

Anderson alipiga simu wiki ya tatu ya Desemba, baada ya kuzipokea chupa. Tulisoma naye darasa moja Dar es Salaam, na sasa alikuwa Uholanzi kwa masomo ya udaktari, akiendesha ile mashine ya sumaku.

"Careen, mambo?"

"Poa. Leta habari."

"Umekaa?"

"Anderson, acha mbwembwe. Sema."

"Nimeyachosha maji. Ile kwaya uliyonisimulia yote imenyamaza. Nje, ndani, kote."

Nilikaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Nje muuza mahindi alikuwa akinadi, na nilisikia kila neno lake waziwazi.

"Imefunguka," nilisema.

"Ndivyo nilivyodhani mwanzoni. Lakini subiri. Nikapima tena bila kuyachosha maji. Sauti nyingi ziko palepale zilipokuwa mwaka jana, hazijahama. Protini iliyofunguka haikai palepale, unajua. Hii bado imejikunja, sehemu kubwa. Ila inabadilishana na maji kwa kasi ya kichaa. Sasa niambie kinachofanya hivyo."

Sikuwa na haja ya kufikiri. Maji yakipoteza uchachu wake na kuelekea upande wa magadi, kubadilishana huko kunaongezeka mara kumi, mara mia.

"Mliyeyushia maji gani, dada?" aliuliza kwa upole, na upole wake ndio uliouma.

Maji kidogo yalikuwa yamebaki kwenye ile chupa kubwa. Nilichovya karatasi. Ikageuka bluu nzito. Nikadondosha matone matatu kwenye kipande cha kioo, nikakiweka dirishani juani. Yalipokauka yaliacha duara jeupe. Hakuna mtu wa Same asiyelijua duara lile. Ni magadi ya maji ya bomba, na liko ndani ya kila birika.

Hedwiga alikuwa uani akianika makoti ya maabara.

"Mama, ile chupa kubwa ya kioo. Siku ya maji, nani aliijaza?"

"Mimi!" Alisema kwa fahari, kibanio kingali mdomoni. Akakitoa. "Wewe ulikuwa Lembeni. Nikaona imebaki robo, nikasema, Careen akirudi atakuta aibu hii? Lakini sikutia ya bomba hivihivi, mimi si mjinga. Si nakuona ukiyachemsha kwenye ule mtambo wako wa mvuke? Nikayachemsha jikoni, nikayaacha yapoe, nikayachuja kwa kitambaa kipya cheupe. Mara mbili."

Alichokuwa akikiona kila siku ni mimi nikichemsha maji. Asingeweza kujua kwamba mtambo unachukua mvuke peke yake na kuacha magadi chini, na kwamba sufuria, maji yanapopungua, linaacha magadi yote ndani ya yale yanayobaki.

"Kwani vipi?" aliuliza.

"Hamna kitu, mama. Nilitaka kujua tu."

"Mwanangu, uso wako haujui uongo. Nimeharibu?"

"Tunapima tena," nilisema. "Anderson anapima tena."

Alipima tena. Alirudisha uchachu wa maji kwa tone la asidi, akayachosha upya, akasikiliza. Siku tatu nilizosubiri niliomba kama ambavyo sikuwahi kuomba tangu kipaimara.

"Nusu ya zile za ndani zimerudi kuimba," aliniambia. "Vizuri kabisa, kama mpya. Nusu hazikurudi. Zimechakaa."

"Kwa joto?"

"Inaweza kuwa joto. Na inaweza kuwa siku thelathini ndani ya magadi, maana magadi yanaitafuna protini, tena kwenye joto hilo lenu. Siwezi kuzitenganisha hizo mbili, Careen. Nimejaribu kila hesabu. Ningekuwa na chupa moja tu ya unga ambayo haikuguswa na maji hayo, ningekuambia kwa siku moja."

"Sina."

"Najua huna."

Daktari Abdulmajid alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Alikuwa mtu wa Pangani, mnene, mwenye utani na kila kabila, lakini siku ile aliivua miwani akaisugua muda mrefu kwa pindo la shati.

"Nani mwingine anajua?"

"Anderson. Na Mama Eliufoo anahisi."

"Sasa nisikilize, binti yangu. Tukiandika kwamba Saba imeshindwa na joto, basi imeshindwa, kama protini nyingine elfu zilizoshindwa. Kamati itaichagua Nne, na Nne nayo itahitaji kituo cha kuijaribia. Sisi tupo. Tukiandika habari ya maji, watasema nini? Watasema Same hawaaminiki hata na glasi ya maji. Nimekihangaikia kituo hiki miaka sita."

"Lakini Saba haijashindwa, daktari. Haikupimwa."

"Nusu imechakaa."

"Hatujui imechakazwa na nini. Tukiandika imeshindwa, hakuna mtu duniani atakayeigusa tena. Na labda ilikuwa nzuri. Labda ndiyo hiyo hasa ambayo ingekaa kwenye droo."

"Labda," alisema. "Kwa labda moja utaua kituo kizima? Nyie Wapare kweli mnauza ng'ombe kushinda kesi ya kuku."

Alijaribu kucheka, ikashindikana. Nikaona kwamba alikuwa ananiomba, na kwamba hakuwa amezoea kuomba.

"Nitaandika kwamba mimi sikupima maji," nilisema. "Ndio ukweli. Aliyejaza chupa hana kosa. Kanuni ilikuwa yangu."

Alivaa miwani. Alitazama dirishani, pale kipande cha kioo kilipokuwa bado na duara lake jeupe.

"Andika. Nitatia saini. Ila usinitake nifurahi."

Niliandika kurasa nne. Nilieleza maji, karatasi nisiyoichovya, sauti zilizorudi na zisizorudi, na mwishoni nikaomba, kwa maneno niliyoyapima moja moja, kwamba Saba itengenezwe tena japo chupa mbili, ziletwe Same au mahali pengine popote penye joto, na mtu mwingine azipime kama hawaniamini mimi. Nilipoisoma mara ya mwisho niliamini watakubali. Naona haya kidogo kusema nilivyoamini. Nilidhani mtu akisema kweli yote, bila kujificha, basi upande wa pili watu watasimama naye.

Jibu lilikuja tarehe ishirini na mbili Januari, mistari sita. Kamati ilishukuru kwa uaminifu wetu. Kwa kuwa takwimu za Saba hazikuweza kutafsirika, na muda wa mpango hauruhusu kutengeneza upya, kazi ingeendelea na Nne. Majaribio ya Nne yangefanyika kwingine. Kituo cha Same kingefungwa mwisho wa mwezi.

Daktari Abdulmajid alitusomea barua kwa sauti, sisi wote watatu tukiwa tumesimama. Alipofika kwenye maneno "kosa la maabara" aliyapita haraka. Hedwiga alikwenda kufuta rafu ambayo haikuwa na kitu tena, akaosha deki, akaianika. Ijumaa iliyofuata alipanda gari la kwenda Myamba na begi moja.

Nilikaa wiki mbili kabla ya kumfuata. Nilikuwa na neno la kumpelekea, na nililifanyia mazoezi njia nzima, tangu bondeni mpaka gari lilipoanza kupanda na baridi ikaingia madirishani. Ningemwambia kwamba Saba ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Kwamba Anderson amepima upya akagundua, na maji ya Hedwiga, yawe ya bomba au ya mbinguni, yasingebadilisha chochote. Nilikuwa nimekiua kituo kwa ajili ya ukweli, na hakuna aliyefaidika nao hata mmoja. Niliona ninaweza kumnunulia mama mmoja usingizi kwa uongo mmoja.

Nilimkuta Eliufoo peke yake nje ya nyumba, ameketi juu ya gunia, anachambua tangawizi. Gongo lake lilikuwa limeegemezwa kwenye mgomba. Umande wa asubuhi ulikuwa haujaondoka.

"Profesa!" aliita. "Karibu. Umekuja kutupima na sisi? Mimi utanikuta nimechakaa nusu, sina haja ya sumaku."

"Kaka, hujambo?"

"Sijambo upande wa kulia." Alinitupia kigoda. "Nimesikia wameichukua Nne. Hiyo si inataka friji?"

"Inataka."

"Itakaa kwenye lipi? Maana lile la zahanati nililiona. Umeme ukirudi linapoza soda za muuguzi."

Sikujua kama ninaruhusiwa kucheka. Mama yake akatoka jikoni, macho mekundu kwa moshi, akajifuta mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Makande yako jikoni, yanakaribia."

Akaketi kwenye mkeka karibu na mwanawe, akachukua kipande cha tangawizi akaanza kukikwangua udongo kwa ukucha. Nilishusha pumzi.

"Mama, nimekuja kwa habari ya Saba. Anderson amenipigia..."

"Ngoja." Hakuinua uso. "Kabla hujasema. Yale maji niliyajaza mimi. Najua ni yale maji, hukuniambia lakini najua. Nilimuuliza mwalimu wa kemia hapa sekondari, akanieleza habari ya magadi. Akanichorea na sufuria. Sasa nina swali moja. Wale wa Uholanzi uliwaandikia ukweli?"

"Niliwaandikia."

"Hata ulipojua wanaweza kufunga?"

"Ndiyo, mama."

"Basi na mimi usinipe chini ya uliyowapa wao." Ndipo alipoinua uso. "Saba ilikuwa nzuri au ilikuwa mbaya?"

Neno langu lilikuwa tayari kinywani. Nililihisi pale, limekamilika, lina hata jina la Anderson ndani yake. Eliufoo alikuwa ameacha kuchambua. Alinitazama, akainamisha kichwa kidogo sana, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia: sema, sema.

"Sijui, mama," nilisema. "Hakuna anayejua. Labda ilikuwa nzuri."

"Na itajulikana lini?"

"Sidhani kama itajulikana."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, taratibu, kama anayehesabu kitu. Hakulia. Aliweka kile kipande cha tangawizi juu ya rundo la vilivyo safi, ingawa bado kilikuwa na udongo, akajiinua kwa kushika goti la mwanawe, lile goti moja, akaingia jikoni. Tulisikia akisogeza kuni.

Eliufoo alikitafuta kile kipande kwenye rundo, akakitoa, akakifuta kwenye suruali yake. Alikaa nacho mkononi.

"Ungemwambia ilikuwa mbaya," alisema kwa sauti ya chini.

"Alinikataza nisimdanganye. Umemsikia."

"Nimemsikia. Mimi ndiye ninayelala chumba cha pili, Careen. Miaka mitatu alikuwa anaamka usiku anauliza, kwa nini friji halikuwa na umeme. Angalau pale kosa lilikuwa la watu wengine."

Kutoka jikoni Hedwiga akaita kwamba makande yameiva, tunawe mikono.